Niliambiwa Ringi inazunguka, mbona yangu haikuzunguka?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni binti wa miaka 23, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Nina wiki mbili tangu nifike Berlin kuanza mafunzo ya uuguzi ya miaka mitatu. Leo ni Alhamisi, saa nane mchana, nakuandikia nikiwa kitandani. Sijatoka nje tangu Jumanne usiku. Mchele umebaki kikombe kimoja na kitunguu nusu, na nimeanza kujishawishi kwamba unatosha mpaka Jumapili.

Nikueleze ilivyokuwa. Jumanne nilitakiwa shuleni kukabidhi vyeti, kupimwa afya na kuchukua sare. Mama wa ofisini alinipigia simu siku moja kabla akaniambia nifike "halb acht". Cheti cha Kijerumani cha B1 ninacho, Mjomba, nimekipata kwa jasho. Halb ni nusu, acht ni nane. Nikapiga hesabu: nane na nusu ya kizungu, yaani kwetu saa mbili na nusu asubuhi. Nikafika saa mbili na dakika ishirini, najisifu kwamba nimewahi. Yule mama akatazama saa ya ukutani, akanitazama mimi, akatazama tena saa. Wenzangu wote walikuwa wameshaingia. Kumbe halb acht ni saa moja na nusu. Nani anahesabu hivyo?

Hilo ningelimeza. Shida ilikuwa kurudi. Naishi Wedding, shule iko Tempelhof. Napanga na dada mmoja wa Mombasa, mtu mwema sana, ndiye aliyeniambia: "Wewe panda Ringi tu. S41 au S42, yoyote, inazunguka mji kama bangili. Huwezi kupotea." Na asubuhi ilikwenda vizuri. Jioni, saa kumi na moja na nusu hivi, nikasimama Tempelhof ukumbi uleule nilioshukia asubuhi, treni ikaja, nyekundu na njano kama ya asubuhi, nikaingia, nikapata kiti cha dirishani. Namba sikuitazama. Kwa nini niitazame wakati zote zinazunguka?

Tulipopita Neukölln nikaanza kuona vituo nisivyovijua. Nikajiambia ni Ringi, itazunguka. Majumba yakapungua, ikaja miti. Nikajiambia itazunguka. Simu ilikuwa na asilimia tatu. Giza likaingia, abiria wakapungua tukabaki watu sita, na bado nimekaa nimeshika mkoba wangu, nangoja treni izunguke.

Wakaja wakaguzi wawili, nguo za kawaida tu, mmoja kavaa kofia ya sufu. Nikawapa tiketi yangu bila wasiwasi maana nilikuwa nimeinunua na kuigonga muhuri kwenye mashine. Yule wa kofia akaweka kidole juu ya herufi mbili, AB, akasema tiketi hii ni ya maeneo A na B, hapa ni C. Nikaandikiwa faini ya yuro 60. Hiyo ndiyo ilikuwa hela yangu ya chakula.

Nilishushwa na mwisho wa reli wenyewe. Kibao kimeandikwa Königs Wusterhausen, jina ambalo hata kulitamka siwezi. Simu ikazima. Baridi ya kule usiniulize. Nikamfuata baba mmoja aliyekuwa akitembea peke yake, nikamwanza kwa adabu kama nilivyofunzwa: habari za jioni, hali yako, natumaini hujambo. Sijafika kwenye swali, kasema "nein, danke", hapana asante, na kuongeza mwendo. Kadhani namuuzia kitu, au naomba. Mjomba, pale ndipo nilipolia.

Baadaye nikaona treni ileile iliyonileta inajiandaa kurudi mjini. Nikaingia, nikakaa kiti kilekile, kila mtu aliyepita nikidhani ni mkaguzi. Kituo cha kubadilisha nikasimama mbele ya mlango nangoja ufunguke, haukufunguka, treni ikaondoka nami. Kituo kilichofuata mtoto wa shule akanyoosha mkono akabonyeza kitufe. Kumbe kuna kitufe. Nikafika nyumbani saa tatu usiku.

Mama hunipigia kila jioni. Namwambia nimeshauzoea mji. Picha ninazomtumia zote ni za dirishani.

Sasa dada yangu huyu anasema atanisindikiza kila siku mwezi mzima, kwa vile zamu zake ni za jioni. Naona aibu, mtu mzima kupelekwa shule mkono kwa mkono. Lakini bila yeye sijui kama nitaufungua ule mlango. Jumatatu masomo yanaanza. Je, nikubali? Au kuna watu hawakuumbiwa ugeni, na mimi ni mmoja wao? Nilipokuwa nyumbani sikuwa hivi. Hata Dar nilikuwa nabadilisha daladala Mbezi bila kumuuliza mtu.

Mpwa wako,
Aliyejifungia Wedding

*

Marahaba mpwa wangu,

Nisamehe, nimecheka. Nimecheka pale ulipokaa na mkoba wako ukingoja treni izunguke, kwa sababu nakuona kabisa. Halafu nikafika kwa yule baba wa Königs Wusterhausen, kicheko kikaniisha.

Tuanze na treni, maana naona umekwishajihukumu kwa kosa ambalo nusu yake si lako. Dada yako hakukudanganya. S41 na S42 zinazunguka kweli: vituo 27, saa nzima, kisha unarudi ulipoanzia. S41 inafuata mwendo wa mshale wa saa, S42 kinyume chake. Alichosahau kukwambia, kwa sababu yeye halioni tena, ni kwamba upande wa kusini reli ile ya Ringi ina wageni. S46 inatumia vituo hivyohivyo, Tempelhof, Hermannstraße, Neukölln, ukumbi uleule, rangi ileile, halafu baada ya Neukölln inachepuka kwenda zake kusini-mashariki. Mwisho wake ni pale ulipolilia. Ukishapita Grünau umetoka eneo B umeingia C, na tiketi yako ya AB inakuwa karatasi. Waliozaliwa hapo wameshalipa faini hiyo kwa kosa hilohilo.

Sasa tazama ramani, ile ya vituo, ibandike ukutani karibu na kitanda. Wedding iko juu ya duara, Tempelhof iko chini. Yaani kwa Ringi umewekewa njia ndefu kuliko zote: upite kushoto au upite kulia, unazunguka nusu ya mji. Na katikati kabisa, kama uzi uliopitishwa kwenye tundu la shanga, kuna mstari wa zambarau. Ni U6, treni ya chini ya ardhi. Unapita Wedding, unapita Friedrichstraße na Unter den Linden, unafika Tempelhof, bila kubadilisha treni hata mara moja, dakika ishirini na kitu. Dada yako kakupa Ringi kwa sababu ndiyo anayoipanda yeye kwenda kazini. Watu wengi hutuelekeza njia zao wakidhani ndizo njia.

Basi kwa mwezi huu wa kwanza nakuomba usijifunze Berlin. Jifunze U6. Zile nyingine ziache hukohuko ramani zilipo. Treni za hapo haziandiki pande mbili kama daladala, Mbagala–Kariakoo, ukachagua mwenyewe. Zinaandika mwisho wa safari tu. Kwa hiyo majina unayohitaji ni mawili: Alt-Mariendorf ni shule, Alt-Tegel ni nyumbani. Yaandike kwenye kiganja kama tulivyokuwa tunaandika tarehe za mtihani. Reli ikiwa kwenye ukarabati treni ya kaskazini huweza kukatizwa kabla ya Tegel, lakini wewe unashuka Wedding, hayakuhusu. Utazame ubao wa juu kabla ya kuingia, kila mara, hata ukiwa umechelewa, hata mvua ikiwa inanyesha. Ukikuta namba ni 6 na jina ni lako, ingia. Mlango bonyeza mwenyewe. Wakitangaza "Ausstieg links", mlango wa kushoto ndio utakaofunguka. "Rechts" ni kulia.

Nilifika Berlin Mashariki mwaka 1985, nina miaka 21, nimetoka Michenzani, Unguja. Michenzani unaijua, yale majumba marefu yaliyofanana, nami nikadhani nimeshahitimu elimu ya majumba yanayofanana. Wakanipeleka Marzahn. Mwanangu, Marzahn ile ilikuwa mpya, wanaijenga bado, majengo ya ghorofa kumi na moja yamepangwa kama sanduku za sabuni, kila mlango pacha wa mwenzake, na mimi ufunguo wangu mfukoni sijui tundu lake liko wapi. Nikatafuta alama. Nikaona ghorofa ya tatu juu ya mlango wetu kuna pazia la njano. Wiki nzima nikawa narudi nyumbani kwa lile pazia, raha mustarehe. Jumamosi moja nikatoka, mwenye pazia naye akaamua kufua. Nilizunguka mpaka saa sita usiku. Mwisho nikakaa kwenye kidaraja cha mlango usio wangu, nikala mkate niliokuwa nimenunua, wote. Bibi mmoja akatoka na mbwa wake, akanikuta nina makombo mdomoni. Nikatoa karatasi yenye anwani. Akaisoma, akageuka, akanyoosha kidole upande wa pili wa njia. Nilikuwa nimekaa hatua thelathini kutoka kwangu.

Nilichojifunza kwa pazia lile ni kwamba njia yetu ya kujua mahali siyo mbaya. Sisi hatushiki majina ya mitaa, tunashika vitu: kwenye mwembe, kwa Mpemba, mbele ya msikiti. Endelea hivyohivyo huko, ila chagua kitu ambacho mwenyewe hakifui. Karibu na mlango wako tafuta vitatu, duka la dawa, kanisa, daraja la reli, chochote kisichohama, na uvitazame pande zote mbili. Hapo ndipo wengi hukosea. Njia ya kwenda na njia ya kurudi si njia moja kwa macho. Ukitoka kituoni hatua ishirini, geuka nyuma, usimame, utazame utakachokiona jioni ukirudi. Watu watakupita. Waache wapite.

Na unao mnara. Ule wa televisheni wa Alexanderplatz una mita 368, hata ukitaka kuukosa huuwezi, anga likiwa jeupe. Kwa kuwa unaishi Wedding nikupe siri moja. Je, chumbani umeshaujua upande wa kibla? Kwa Berlin ni kusini-mashariki. Sasa na huo mnara, ukiwa Wedding, uko karibu upande uleule. Ukiwa kwenye uwazi ukauona, umeshajua kibla, na ukishajua kibla umeshajua kusini, na kusini ndiko shule. Tanga ulikuwa unajua bahari iko mashariki bila kufikiri, ukizungushwa mara tatu macho yamefungwa bado ungeonyesha. Hapo bahari hakuna. Weka mnara mahali pake.

Anwani zao ni kitu kingine, na wewe mtoto wa Ngamiani, uliyekulia mji wenye barabara za namba, usingehangaika kama wangekuwa na akili ya kwenu. Lakini mitaa ya zamani ya Berlin namba za nyumba zinapanda upande mmoja mpaka mwisho wa mtaa, halafu zinavuka na kurudi upande wa pili, kama kwato. Unaweza ukasimama mbele ya namba 5, ukageuka, ng'ambo ukakuta 112. Usidhani umechanganyikiwa. Kwenye kona, penye kibao cha jina la mtaa, wameandika namba zilizopo kipande hicho. Soma hizo kwanza kabla hujaanza kutembea. Na nyumba za huko vyumba havina namba mlangoni, kengele ina jina la ukoo la anayekaa humo. Kama jina lako halijabandikwa, likabandikwe leo. Hata barua ya shule haikufikii bila hilo, na posta hawamuulizi mtu.

Kuhusu kuuliza. Hapa nakulaumu kidogo, na nakulaumu kwa jambo ambalo mama yako angekusifu. Salamu yako ilikuwa ndefu mno. Kwetu ukimwendea mtu na swali kabla ya salamu, umemdharau. Huko ukimwendea mtu usiyemjua na salamu kabla ya swali, anashika mfuko. Yule baba hakukuchukia, aliiona salamu akaisubiri bidhaa. Sema "Entschuldigung", yaani samahani, ndiyo adabu yote wanayoihitaji, halafu palepale taja kituo: "Entschuldigung, Wedding?" Utashangaa wanavyobadilika. Mjerumani akiulizwa njia huichukulia kama kazi aliyopewa. Wengine watatoa simu, watahesabu vituo, watakukosoa matamshi, watakusindikiza mpaka kwenye ngazi. Tena usimuulize anayepita, muulize aliyekaa. Muuza döner, mwenye kibanda cha usiku, mama anayengoja basi. Anayepita ana treni yake.

Ya saa usiyaonee haya. Hata mimi halb acht ilinila. Wajerumani wanaitaja nusu ya saa inayokuja, si ya iliyopita: halb acht, wako nusu njia kwenda nane. Sisi nasi tuna saa yetu inayoanza asubuhi. Ukichanganya vyote viwili kichwani kwa mara moja lazima uanguke, kwa hiyo usichanganye. Ukiambiwa saa, omba waiandike kwa tarakimu: 7:30. Kisha uiache ilivyo, usiitafsiri, weka simu yako ikuamshe kwa tarakimu hizohizo. Saa ya Kiswahili iache kwa mama yako. Na yeye mwambie mapema kwamba mwisho wa Oktoba huko wanarudisha saa nyuma. Mpaka sasa amekutangulia kwa saa moja, atakutangulia kwa mbili, asije akakupigia katikati ya somo akadhani umemkatia simu.

Faini ilipe. Soma tarehe ya mwisho kwenye ile karatasi na usiipitishe, maana ikipita wanaongeza, na barua zao hazichoki. Kama yuro 60 zote zitakuacha na njaa, mkope dada yako nusu, umlipe posho ikiingia. Halafu jiondoe kabisa kwenye habari ya A, B na C. Kuna tiketi ya mwezi ya nchi nzima, Deutschlandticket. Ilipoanza Mei 2023 ilikuwa yuro 49, tangu Januari 2026 ni 63. Inapanda treni za mjini, mabasi na treni za mikoa, ila zile za mwendo kasi haziingii. Ungekuwa nayo Jumanne ungefika Königs Wusterhausen bure na kurudi bure, ukaiita matembezi. Kabla hujainunua uliza shuleni kama wanafunzi wa mafunzo ya kazi wana bei yao nafuu, usiulize mitandaoni. Na wakati uko hapo ofisini uliza namna ya kujiandikisha makazi kama bado hujafanya, kwa sababu sheria inatoa wiki mbili tu tangu kuhamia na wewe wiki mbili zimekwisha ukiwa kitandani.

Sasa dada wa Mombasa. Mkubalie, lakini siku moja. Na siku hiyo wewe utangulie, yeye afuate nyuma hatua tano, mdomo kaufunga, asiseme neno mpaka ukosee. Ukisimama usimtazame usoni, maana macho yake yatakupa jibu, tazama kibao. Akikutangulia yeye, hata mwezi mzima, utakachokariri ni mgongo wake na koti lake. Namjua mtu aliyesindikizwa miezi miwili, siku ya kwanza peke yake akashuka kituo cha pili.

Iwe kesho kutwa, Jumamosi asubuhi, baada ya chai, kukiwa na mwanga na treni hazijajaa. Usiwe na shughuli Tempelhof. Mkifika, toka nje, tembea mpaka lango la shule, liguse ukitaka, rudi. Simu yako ikae mfukoni. Sikukatazi simu, lakini kile kidoti cha buluu kinakufanya utembee mji mzima ukiwa umeinama, halafu kikizima hujawahi kufika popote. Itoe ukikwama. Pakua ramani inayofanya kazi bila intaneti, nunua pawabenki, na kwenye mfuko wa ndani wa koti weka karatasi: anwani yako, jina lililo kwenye kengele, namba ya dada yako, kwa herufi kubwa. Karatasi yangu ya mwaka 1985 ninayo bado, imechanika mikunjo yote minne.

Nunua mchele siku hiyohiyo. Jumapili maduka yamefungwa, nchi nzima, na kikombe kimoja cha mchele na kitunguu nusu havifiki.

Umeniuliza kama kuna watu hawakuumbiwa ugeni. Mpwa wangu, wewe uliyepotea usiku, huna simu, huna hela, umelia, kisha ukaitambua treni iliyokuleta, ukaipanda ukarudi nyumbani peke yako. Ulifikiri hilo ni nini? Umenieleza habari ya Jumanne yote kama ya mtu aliyeshindwa, na mimi kila nikiisoma naona mtu aliyefika kwake saa tatu usiku. Dar usijilinganishe nayo. Mbezi ulikuwa unasoma vibao kwa lugha yako na makonda wanapiga kelele mwisho wa safari masikioni mwako. Huko treni zimenyamaza na inabidi usome.

Lililonisumbua mimi katika barua yako si njia, ni zile picha za dirishani. Mama yako unamnyima kicheko kizuri, na unajinyima mtu wa kumlilia. Faini akijua hatakufa. Akija kuisikia mwaka ujao kwa mtu mwingine, hapo ndipo utakapomwona.

Kwa hiyo Jumapili mchana, ukiwa umeshamaliza kuikariri njia ya shule, panda ule upande wa Alt-Tegel, peke yako. Kituo cha nne kutoka Wedding kinaitwa Afrikanische Straße. Shuka. Usitegemee makubwa, ni mitaa ya makazi tu, miti, magari yameegeshwa, watu wametoka kutembea na mbwa. Lakini inua kichwa usome vibao. Kuna Sansibarstraße, kuna Usambarastraße, majina ya kwetu, ukumbusho wa enzi walipokuwa wakijiona mabwana zetu. Barabara moja ilibeba jina la Peters, yule Carl Peters wa mikataba ya ulaghai huko Usagara; Agosti 2024 waliling'oa, na kipande chake sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Watu wetu wameutembea mji huo zamani. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifika mwaka 1900 kuwafundisha Kiswahili, na hakuwa hata na U6 wakati huo.

Uliza njia kama huioni, maneno mawili tu, "Entschuldigung, Tangastraße?" Ipo palepale mtaani. Ukisimama chini ya kibao chake mpigie mama simu ya picha, umwonyeshe jina la mji wake lililoandikwa kwa herufi za Kijerumani, ushike simu juu alisome mwenyewe. Kisha, mkiwa bado mnacheka, mweleze habari ya Königs Wusterhausen. Anza na yule baba wa "nein, danke".

Chaji simu kabla ya kutoka.

Mjomba